Marejea, mwingajini, utupa au desmodiamu? Jinsi ya kuutambua mmea wa jamii ya mikunde ulioota wenyewe

Mvua zikishakolea, kandokando ya njia na kwenye mashamba yaliyopumzishwa huota mimea ambayo hakuna aliyeipanda. Baadhi yake hutoa maua yanayofanana na ya kunde, na hapo ndipo maswali yanapoanza. Nikiung'oa nitakuwa nimetupa mbolea? Nikiuacha, ng'ombe akiula itakuwaje? Mtu hupiga picha ya ua, akaituma kwenye kundi la WhatsApp la wakulima, na kabla chai haijapoa ana majibu manne yasiyopatana, kila mmoja akiapa kwamba mmea huo anaufahamu tangu utotoni.

Huenda wote ni wakweli. Tatizo ni kwamba ua ndilo linalovuta macho, lakini katika jamii hii kubwa ya mimea ua peke yake hujibu nusu tu ya swali. Jani, ganda na mzizi ndivyo vinavyomaliza ubishi. Nimechagua mimea minne ambayo watu wa Tanzania, Kenya na Uganda huichanganya mara kwa mara, niiweke bega kwa bega kwa vigezo vilevile.

Vigezo vyenyewe

Jani. Hesabu vipande. Jani la maharage lina vipande vitatu, na bado ni jani moja. Ukitaka kujua jani linaanzia wapi, tafuta chipukizi dogo kwenye kwapa, pale kikonyo kinapokutana na shina. Penye chipukizi ndipo jani zima linapoanzia, na kila kilicho mbele yake ni vipande vya jani hilohilo. Kisha tazama ncha: kuna kipande kimoja kilichosimama peke yake mwishoni, au vipande vinaishia viwiliviwili?

Ua. Ua la kunde lina petali tano, yaani vipande vyake vya rangi, zisizolingana: moja pana iliyosimama juu, ambayo nitaiita bendera; mbili za pembeni, yaani mabawa; na mbili za chini zilizoungana zikawa mkuku, kama mkuku wa dau. Shika ua, lifungue kwa kucha taratibu. Likiwa halina mkuku kabisa, umeshapunguza orodha.

Ganda. Limejaa hewa au ni bapa? Lina manyoya? Linakatika vipingili? Hiki ndicho kigezo ninachokiamini kuliko vyote, na ndicho watu wanachokisahau wanapopiga picha.

Mzizi. Chimbua mmea mmoja udongo ukiwa na unyevu, usiuvute kwa nguvu, maana vinundu, yaani vivimbe vidogo vya mizizini, hubaki ardhini. Kisha pasua kinundu kwa ukucha. Kikiwa chekundu au waridi ndani, bakteria wanafanya kazi ya kunasa naitrojeni ya hewani, chakula cha mimea. Kikiwa cheupe au kijivu, kimelala au kimeshachoka.

Kazi na hatari. Hapa tunauliza unafaa nini, na unaweza kumdhuru nani.

Urefu na rangi sikuviweka makusudi. Marejea yaliyoota kwenye changarawe hufika magotini, na jirani yake aliyepata samadi humpita mtu kichwa. Utupa nao hutoa maua meupe mahali pengine na ya zambarau mahali pengine.

Marejea (Crotalaria)

Huu si mmea mmoja, ni ukoo. Duniani kuna takriban spishi 700 za Crotalaria na nyingi kabisa ziko Afrika, kwa hiyo anayekwambia "haya ni marejea" amekutajia ukoo, hajakutajia jina la mtu.

Jani. Yale yanayolimwa kwetu zaidi, Crotalaria ochroleuca na Crotalaria brevidens, yana jani la vipande vitatu vyembamba. Mengine yana jani zima lisilogawanyika. Crotalaria retusa, inayoonekana sana ukanda wa pwani, ina jani moja linalopanuka kuelekea nchani, na ncha yenyewe imebonyea kidogo.

Ua. Aghalabu ni la njano, na nyuma ya bendera kuna mistari ya rangi ya kahawia au wekundu uliokolea. Angalia mkuku: umepinda na mwisho wake umechongoka mdomo. Ukiupasua utakuta stameni (nyuzi zenye chavua) kumi zilizoungana chini, nusu zikiwa na vichwa virefu na nusu vichwa vifupi vya mviringo. Kwa macho makali huhitaji hata lenzi.

Ganda. Limevimba, lina hewa ndani, na likikauka mbegu huachia. Litikise karibu na sikio, linalia. Kati ya mimea hii minne hakuna mwingine wenye ganda la namna hiyo. Ukilikuta limetobolewa, huenda aliyelitoboa ni kiwavi wa nondo mweupe mwenye madoa mekundu na meusi, Utetheisa pulchella, ambaye hula mbegu na sumu yake bila kudhurika. Nondo huyo akirukaruka kwenye kichaka chako, ongeza uzito upande wa marejea.

Mzizi. Vinundu vipo, tena vingi.

Kazi na hatari. Kusini mwa Tanzania, watawa Wabenediktini wa Peramiho waliyahimiza marejea kama mbolea ya kijani: unapanda, yanafunika ardhi na kuyasonga magugu, kisha unayalaza kwenye udongo yakianza kutoa maua. Bustani iliyoshambuliwa na minyoo ya mizizi nayo hunufaika, kwa kuwa aina kadhaa za marejea huizuia isizaliane. Magharibi mwa Kenya majani yake ni mboga, mitoo, na walaji wanazijua aina mbili kwa ulimi: brevidens ni chungu zaidi, ochroleuca ni laini kidogo na jani lake ni la kijani kinachong'aa.

Upande wa pili usifichwe. Spishi nyingi za ukoo huu, retusa ikiwemo, zina alkaloidi za pirolizidini, sumu inayoharibu ini polepole. Mnyama anaweza kula leo na dalili zikaonekana baada ya wiki au miezi, wakati hakuna tena anayekumbuka alichokula. Farasi na ng'ombe huathirika kirahisi kuliko mbuzi na kondoo. Binadamu pia: katikati ya miaka ya 1970, katika wilaya ya Sarguja nchini India, mbegu za Crotalaria zilichanganyika na nafaka ya chakula, watu wakaugua ini na wengi wakafa. Basi kwa mboga, kujua kwamba ni marejea hakutoshi hata kidogo.

Anafaidika nayo mwenye shamba lililochoka na mwenye nafasi ya kuliacha msimu mmoja. Mwenye kuchungia ng'ombe kandokando ya barabara afikiri mara mbili.

Mwingajini (Senna occidentalis)

Huu hupewa sifa za marejea kwa sababu ya unjano wake tu. Asili yake ni Amerika ya kitropiki, lakini umeshazoea majalala yetu, nyuma ya mazizi na kandokando ya reli.

Jani. Vipande vinne hadi sita kila upande, vimechongoka, na vinaishia viwiliviwili. Hakuna kipande cha peke yake mwishoni. Chini kabisa ya kikonyo, karibu na shina, kuna kinundu kimoja cheusi kinachometameta. Hicho ni tezi, na mara nyingi utawakuta sisimizi wamekizunguka. Fikicha jani ulinuse: harufu yake ni mbaya na haikawii kukuambia.

Ua. Petali tano za njano zilizofunguka wazi, karibu zinalingana. Hakuna bendera wala mabawa, na mkuku haupo. Uko katika jamii ileile ya mikunde, ila ni tawi jingine.

Ganda. Bapa, refu kama kidole au kuzidi, limejipinda kidogo kuelekea juu, kahawia katikati na kingo zilizopauka. Ukilitikisa halikupi mlio ule wa marejea.

Mzizi. Hapa ndipo mwingajini unapojianika. Chimbua, osha, tazama: hakuna vinundu. Mwenye kuuacha shambani akidhani unamtilia naitrojeni kama kunde anajidanganya. Majani yake yakioza yatarudisha kilichotoka ardhini, basi.

Kazi na hatari. Waganga wa tiba asili sehemu nyingi za Afrika huutumia, na mbegu zake hukaangwa zikanywewa badala ya kahawa. Mbegu mbichi ni jambo jingine. Ng'ombe akizila kwa wingi misuli huharibika, mkojo huwa mweusi, akalala asiweze kuinuka. Nchini India, magharibi mwa jimbo la Uttar Pradesh, madaktari walihusisha vifo vya watoto wadogo na kula mbegu za mmea huu. Ukiwa na watoto wanaochezea maganda nyuma ya nyumba, hilo ndilo la kukumbuka kabla ya kahawa.

Usiuchanganye na ndugu yake mwenye vishada vya njano vilivyosimama wima na vichwa vyeusi vya maua yasiyofunguka, Senna didymobotrya. Huyo ndiye Wakalenjin humchoma mkaa wa kusugulia kibuyu cha mursik, maziwa yao ya mgando.

Unamfaa anayejua hasa anautakia nini. Wengine wote, hasa wafugaji, hawapotezi kitu wakiukata kabla haujakomaza mbegu.

Utupa (Tephrosia vogelii)

Kichaka laini cha kijivu-kijani. Ukipitisha kiganja juu ya jani unahisi manyoya mafupi mororo.

Jani. Vipande vingi, kumi na kitu hadi ishirini na ushei, na mwishoni kuna kimoja kilichosimama peke yake. Sasa jaribio ambalo ningependa kila mtoto wa shule alijue: shika kipande kimoja kwa vidole vya mikono miwili, mkono mmoja nchani na mwingine kwenye kitako chake, ukivute mpaka kikatike. Cha utupa hakikatiki ovyo, hukatika kwa umbo la V, kwa kufuata mishipa midogo iliyojipanga sambamba kwenda pembeni. Jaribu jani la mwingajini uone tofauti. Ndugu wengine wa utupa nao hukatika hivyo, kwa hiyo jaribio hili linakupa ukoo, na ukubwa wa kichaka na ganda vinakupa jina.

Ua. Lina bendera, mabawa na mkuku, ni kubwa, jeupe au la zambarau, katika vishada vinavyobanana nchani mwa matawi.

Ganda. Bapa, limefunikwa manyoya mazito ya kahawia.

Mzizi. Vinundu vipo.

Kazi na hatari. Majani yana rotenoni, sumu kali kwa samaki na wadudu. Ndiyo maana tangu zamani majani yalipondwa na kutiwa mtoni, samaki wakaelea. Leo uvuvi wa sumu ni marufuku Tanzania na Kenya, na ni vizuri hivyo, kwa sababu sumu haichagui kati ya sato na kifaranga chake. Wakulima huutumia kwa mengine: unga wa majani makavu kuzuia fukusi kwenye maharage ya ghalani, maji yake kuoshea mifugo yenye kupe, na mstari wa utupa kuzunguka mihogo ili kumfukuza fuko. Pia hupandwa katikati ya mahindi au shamba likipumzishwa, kisha hukatwa ukawa mbolea.

Kuna jambo moja ambalo limewakatisha tamaa wengi bila wao kujua sababu. Utafiti uliofanywa kwa mimea ya Malawi ulionyesha kwamba si kila utupa una rotenoni: kuna aina mbili za kikemia ndani ya spishi moja, na moja yake haina nguvu dhidi ya wadudu. Kwa macho ni utupa uleule. Jirani akikwambia wake ulimaliza fukusi na wako umeshindwa, usimwite mwongo. Chukua mbegu kwake.

Unamfaa mkulima wa maharage na mwenye udongo uliochoka. Mwenye bwawa la samaki auweke mbali, na asioshe vifaa vya kunyunyizia kwenye mfereji unaoingia bwawani.

Desmodiamu (Desmodium)

Huu unaujua kabla ya kuuona, kwa sababu umeshafika nao nyumbani umegandamana na suruali.

Jani. Vipande vitatu vipana, cha katikati kikubwa kidogo. Aina mbili za kupandwa, zote kutoka Amerika, zinatofautiana hapa: Desmodium uncinatum ina baka la rangi ya fedha linalofuata mshipa wa katikati, na Desmodium intortum ina vidoa vya kahawia-nyekundu juu ya jani. Shina limejaa manyoya yenye kulabu, ukilishika linakushika.

Ua. Dogo, la kunde kamili, waridi au zambarau.

Ganda. Limegawanyika vipingili, na kila kipingili chenye mbegu moja hukatika peke yake na kunata kwenye nguo au manyoya ya mbuzi. Ukiona hili, acha kutafuta.

Mzizi. Vinundu vipo.

Kazi na hatari. Watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, wakiwa Mbita, kando ya Ziwa Victoria upande wa Kenya, ndio waliofanya desmodiamu ijulikane kwa mbinu ya sukuma-vuta. Inapandwa katikati ya mistari ya mahindi, harufu yake huwafukuza nondo wa funza wa mabua, na nyasi za nepia au brakiaria zinazopandwa pembeni huwavuta. Mizizi yake hufanya mbegu za kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, ziote ovyo na kufa. Zaidi ya hayo ni malisho mazuri ya ng'ombe wa maziwa, na haina historia ya sumu kama wenzake hapo juu. Kero yake ni kutambaa: usipoikata inapanda juu ya mahindi. Zipo pia desmodiamu za porini za hapa kwetu, nazo zina vipingili vilevile, ila usitegemee zifanye kazi dhidi ya kiduha kama zile zilizojaribiwa.

Unamfaa mwenye ng'ombe wachache na mahindi yanayosumbuliwa na kiduha. Mkulima asiye na mifugo wala soko la malisho ataiona ni kazi ya ziada.

Ikiwa bado hakuna ua

Mkanganyiko mkubwa hutokea mimea ikiwa michanga. Marejea na desmodiamu zote zina vipande vitatu, lakini vya marejea ya kulimwa ni vyembamba na shina husimama, wakati desmodiamu inanata na kutambaa. Utupa na mwingajini zote zina vipande vingi. Tazama ncha, kisha harufu. Ukikuta vipande vingi vidogo vyenye kimoja mwishoni, maua madogo mekundu-waridi kwapani na maganda membamba mithili ya sindano, umetoka nje ya orodha hii na umeingia kwa akina mnili, Indigofera.

Simu inasaidia, mradi uilishe vizuri. Programu za iNaturalist na Pl@ntNet hukisia vizuri ukoo ukizipa picha za jani zima, ua kutoka pembeni na ganda. Kwa spishi za Crotalaria sizitegemei, maana tofauti mara nyingi ziko ndani ya mkuku na kwenye sepali (vijani vya chini ya ua), mahali ambapo kamera haikufika. Mtu anayehitaji jina la uhakika apeleke kielelezo kwenye hebariamu, yaani hazina ya mimea iliyokaushwa: ipo ya Makumbusho ya Taifa Nairobi, ya Arusha, ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na ya Makerere. Kata tawi lenye jani, ua na ganda kwa pamoja, libane katikati ya magazeti yenye uzito juu, badilisha magazeti kila siku hadi likauke, na uandike mahali, tarehe, urefu wa mmea na rangi ya ua, kwa sababu rangi hupotea likikauka. Wataalamu watalilinganisha na vielelezo vyao na pengine na juzuu za mikunde za Flora of Tropical East Africa zilizotoka kati ya mwaka 1959 na 1971, kazi ambayo haijazeeka ila si ya kusoma jioni.

Uamue vipi

Kama shida yako ni mboga, usichume porini kwa kufuata picha. Nunua mbegu za mitoo sokoni au kwa mama anayezilima, ule kile ambacho watu wamekula miaka yote.

Kama unachunga ng'ombe, huna haja ya jina la spishi. Ganda linalolia na ganda bapa lenye kingo zilizopauka, yote mawili yaondoke malishoni kabla ya kukauka. Vipingili vinavyonata viache.

Kama shamba limechoka na mmea una vinundu vyekundu ndani, uwe marejea au utupa, una sababu ya kuuacha msimu huu. Chagua marejea ukitaka kulaza mapema, utupa ukiweza kungoja kichaka kikomae. Usipoona vinundu, tumia jembe.

Kama unakusudia dawa ya ghalani, anza na debe moja la maharage kwa majani ya kichaka kimoja, uangalie mwezi mzima kabla ya kuamini gunia.

Na kama bado umekwama, acha miche miwili ukingoni mwa shamba, ichomeke vijiti, ngoja ganda. Ing'oe iliyobaki kabla haijapata mbegu.